Shajara ya mradi: kufika Nansio bila kupanda meli

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mzee ana maduka manne ya zana za uvuvi. Kubwa liko Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, mengine Sengerema, Magu na Nansio kule Ukerewe. Anauza nyavu, kamba, maboya na vipuri vya injini za boti. Kila duka lina kompyuta moja yenye programu ya stoo, na kila kompyuta ina tabia zake. Sengerema siku hizi si mbali, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni na basi linapita juu ya maji bila kusubiri kivuko. Magu ni kupanda Hiace tu. Kazi ni Nansio: unapanda meli, siku inaishia majini, unafika unatengeneza printa kwa dakika kumi (mara nyingi waya umechomoka), unalala gesti, kesho yake unarudi.

Mwezi uliopita nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu Mzee alizipanga risiti za nauli na gesti juu ya meza kama anacheza karata, akaniuliza, "Fundi, huwezi kuingia kule ukiwa hapa hapa?"

Naweza. Ndio mradi wenyewe. Naandika kila hatua kwa sababu najijua, baada ya miezi sita sitakumbuka nilibonyeza nini.

Jumatano, 3 Septemba

Zile programu za kulipia, zinazopitia seva za kampuni yenyewe, ni rahisi kusakinisha, lakini Mzee hataki kusikia habari ya malipo ya kila mwaka. Nimechukua programu huria ya ukoo wa VNC. Ukoo huu ni wa zamani, ulizaliwa kwenye maabara ya utafiti Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990, na kazi yake haijabadilika: inakuletea picha ya skrini ya kule, na inapeleka kule mwendo wa kipanya chako na herufi unazobonyeza. Kwa kawaida inasikiliza poti (mlango wa mtandao) namba 5900.

Ina kasoro mbili ninazozijua. VNC ya kawaida haifichi kinachopita njiani, na pasiwedi yake ya mtindo wa kale inahesabu herufi 8 za mwanzo tu. Ukiweka pasiwedi ya herufi 20, hizo 12 za mwisho ni mapambo. Kasoro ya tatu si yake, ni ya mtandao wetu. Maduka yote yanatumia modemu za laini za simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Ukiwa nje huwezi kubisha hodi Nansio. Lazima Nansio yenyewe ianze kupiga.

Kwa hiyo nimekodi seva ndogo na kuweka WireGuard juu yake, programu inayochimba handaki la siri kati ya kompyuta kupitia intaneti. Kila kompyuta ya duka inaipigia seva kwa UDP (njia mojawapo ya kusafirisha data), poti 51820, na kupewa anwani ya ndani: Kirumba 10.8.0.2, Sengerema .3, Magu .4, Nansio .5. VNC itapita ndani ya handaki hilo na si kwingineko. Kirumba imekubali leo jioni. Niliisogeza kipanya cha kaunta nikiwa chumba cha nyuma, kijana wa kaunta akaruka kama ameona nyoka.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilijiona mjanja. Nikasema, Mama wa Nansio ni mtu wa stoo, hawezi kuhangaika na kusakinisha vitu vitatu kwa mpangilio. Nikavifunga vyote kwenye faili moja linalojifungua lenyewe: WireGuard, VNC, faili la mipangilio ya Nansio, na skripti fupi ya kusakinisha kimya kimya bila kuuliza swali. Bonyeza mara mbili, kwisha. Nikaliweka kwenye seva, nikamtumia kiungo, nikampigia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimebonyeza kama ulivyosema. Limekuja jekundu."

"Limeandikwaje?"

"Limeandikwa Kizungu. Ngoja nivae miwani." Nikamsikia akifungua droo. "Ti. Ar. O. Jei. Ei..."

Sikusubiri herufi ya mwisho. Ni Trojan, jina la programu mbaya inayojifanya nzuri.

"Mwanangu, umenitumia vairasi?"

Nikamwambia hapana Mama, hiyo ni kengele ya uongo, inaogopa kivuli chake. Nikamwelekeza abonyeze mahali pa kuruhusu, lakini faili lilikuwa limeshafungiwa karantini. Basi nikasema neno ambalo leo naona aibu kuliandika: zima antivairasi kwa dakika kumi. Akakataa. "Mzee alisema hiyo isiguswe, imelipiwa." Nikakata simu nimeudhika. Nikalihamishia faili Sengerema, kwa dogo, ambaye hana ubishi. Alizima. Ikaingia.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo nimefanya kosa la pili, na hili ni la mtu anayejiita fundi.

Nilitaka kuthibitisha kwamba faili langu ni safi, nikalipakia VirusTotal, tovuti inayolipitisha faili lako kwenye antivairasi kadhaa kwa mkupuo. Nyingi zilinyamaza, chache zikapiga kelele, kila moja kwa jina lake. Nikapiga picha ya skrini nimtumie Mzee, aone kwamba wengi wamenyamaza.

Nikiwa naandika ujumbe ndipo damu ikanipoa. Faili likipandishwa pale halibaki siri yako, linagawiwa kwa watengenezaji wa antivairasi, na wateja wa kulipia wanaweza kulishusha. Na ndani ya furushi langu kulikuwa na mipangilio ya Nansio, pamoja na ufunguo wa siri wa WireGuard. Niliuanika mwenyewe kama dagaa juu ya mwamba.

Nimefuta ufunguo huo kwenye seva, nikatengeneza mwingine. Na wa Sengerema pia, kwa kuwa niliusafirisha kwa njia ile ile. Saa nne usiku ndio nakula.

Ikiwa una shaka na faili lenye siri ndani, usilipandishe. Kokotoa heshi yake ya SHA-256, zile herufi na tarakimu 64 zinazotoka kwenye faili hilo tu, kisha utafute heshi hiyo. Kama faili limewahi kuonekana utapata majibu. Kama halijawahi, hujatoa kitu.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimekaa nikajifanya mimi ndiye antivairasi. Linakuja faili ambalo hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuwa nalo, maana nimelitengeneza Ijumaa. Halina sahihi ya kidijitali. Programu zilizokuwa na sahihi za watengenezaji wao nimezifungia ndani, furushi la nje halina sahihi ya mtu. Linajifungua, linasakinisha huduma bila kumuuliza mwenye kompyuta, na huduma hiyo kazi yake ni kumpa mtu wa mbali skrini na kibodi. Mwizi angetengeneza la kwake hivyo hivyo. Ningekuwa mimi ningelikamata pia.

Nimelivunja furushi. WireGuard inashushwa kwa mtengenezaji, kama ilivyo, na sahihi yake. VNC hivyo hivyo. Mipangilio inaingizwa kwa mkono, na ufunguo wa siri unatengenezwa kwenye kompyuta ya duka wala hausafiri. Kinachosafiri ni pacha wake, ule wa hadharani, ambao hata ukiubandika ukutani hauna madhara.

Matokeo ya Magu: WireGuard imepita kimya. VNC imepigiwa kengele, lakini rangi imeshuka kutoka nyekundu hadi njano, na jina limebadilika. Sasa linaanza na maneno not-a-virus na katikati lina RemoteAdmin. Antivairasi inasema yenyewe kwamba hiki si kirusi, ni chombo cha kuendeshea kompyuta kwa mbali, wewe mwenye nyumba unakifahamu?

Nimeanza kusoma majina ya kengele kuliko rangi zake. Neno Trojan ni shutuma. RemoteAdmin ni maelezo ya kazi. Na kwenye Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, jina likiishia na !ml, uamuzi umetoka kwa mashine iliyofundishwa kwa mifano mingi, haina maana kwamba kuna mtu aliyelipasua faili hilo na kuona kitu.

Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la maduka: "Ikija ya njano yenye neno RemoteAdmin ni yangu, ruhusuni." Mama wa Nansio kaweka dole gumba. Amesakinisha mwenyewe, vitu viwili, kwa simu, dakika 25, akisoma kila kidirisha kwa sauti. Nilikuwa nimemdharau bure.

Alhamisi, 11 Septemba

Sengerema. Handaki liko hewani, VNC haifunguki. Nikapoteza asubuhi nzima nikiilaumu antivairasi, kwa kuwa ukishazoea kumlaumu mtu mmoja huachi. Tatizo lilikuwa ukuta wa moto wa Windows. Ule mtandao wa handaki Windows imeuhesabu kuwa wa hadharani, na kanuni niliyoiandika ya kufungua 5900 ilikuwa ya mtandao wa binafsi tu. Nimeiandika upya kwa anwani: wanaotoka 10.8.0.0/24 (anwani zote za handaki) wapite, wengine wote wasipite, mtandao uitwe jina lolote.

Shida nyingine, kompyuta ikikaa kimya kidogo simpati tena dogo mpaka yeye mwenyewe afungue kitu. Hii ni modemu. Mtandao wa simu hufunga njia isiyotumika. Nimeongeza PersistentKeepalive = 25, sasa kila sekunde 25 kompyuta inaikoholea seva kidogo na njia inabaki wazi. Bando linaloliwa ni dogo mno.

Nikiwa ndani nimegundua dogo hakuwasha tena antivairasi tangu Ijumaa. Siku sita. Tena, ili "isisumbue", aliingiza diski C yote kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Nilimpigia.

"Kaka, si wewe ulisema tuzime?"

Nilisema dakika kumi. Lakini ndiyo, ni mimi nilisema.

Nimeiwasha, nimefuta ruhusa ya C, nimekagua diski yote. Kumepatikana kiamsha-leseni (cha kutumia programu bila kuilipia) cha programu ya kuchezea muziki, dogo kasema hajui kilikotoka. Kisha nimeijaribu kama iko macho kwa faili la EICAR, ule mstari wa herufi 68 usio na madhara ambao antivairasi zimekubaliana kuupigia kelele. Ikaupigia. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimefurahia kuona jekundu.

Jumatatu, 15 Septemba

Nansio haipo hewani. Jana usiku umeme ulikatika, asubuhi ukarudi, handaki halikurudi. Intaneti ipo, Mama anafungua WhatsApp kwenye simu kupitia modemu hiyo hiyo. Antivairasi nayo inalalamika haiwezi kujisasisha.

Saa mbili nzima. Nimesoma mipangilio mstari kwa mstari. Mwisho, bila kutegemea lolote, nikamuuliza Mama pale chini kulia kwenye skrini panasemaje.

"Panasema Januari 2018."

Ndiyo hiyo. Betri ya saa kwenye ubao-mama imekufa, kompyuta ikikosa umeme inarudi miaka saba nyuma. Sasa, kila WireGuard inapoanza mazungumzo hupeleka muhuri wa saa, na seva inakumbuka wa mwisho iliouona. Ukija na muhuri wa zamani kuliko huo, seva inakutupa, ikidhani kuna mtu amerekodi mazungumzo ya jana anayarudia. Kwa hiyo Nansio ya 2018 ilikuwa inabisha hodi, na seva inajua kabisa kwamba mgeni huyu amechelewa miaka. Antivairasi nayo haikuweza kuiamini seva yake ya masasisho, kwa sababu vyeti vya seva hiyo mwaka 2018 vilikuwa havijaanza kutumika.

Mama kaweka tarehe kwa mkono, handaki likarudi sekunde hiyo hiyo. Betri ni CR2032, ile ya duara ya volti 3. Nikajiandaa kupanda meli kwa ajili ya betri. Mama akacheka. Kuna fundi saa jirani na duka lake, na betri hizo anazo. Kaenda, kaja naye, kafungua kasha mimi nikiwa kwenye spika ya simu, kaipachika. Fundi saa kaniuliza kompyuta ina mawe mangapi. Sikuwa na jibu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimemwandikia mtengenezaji wa antivairasi, kwenye ukurasa wake wa kupokea malalamiko ya kengele za uongo. Nimepeleka VNC ileile ya asili, heshi, namba ya toleo na nilikoshusha. Si furushi! Hakuna kingine leo, printa ya Kirumba imekula karatasi.

Jumanne, 23 Septemba

Jibu limekuja. Kwa ufupi, hawabadilishi. Faili lenyewe wanakiri ni halali, ila kundi la RemoteAdmin kwao si kosa la utambuzi, ni sera. Anayekihitaji akiruhusu mwenyewe. Nilikasirika kama dakika tano. Kisha nikaanza kuangalia njia za kuruhusu, maana ziko zaidi ya moja, na nilikuwa nimetumia ile ya kivivu.

Kuruhusu folda nzima ni kumwambia mlinzi asichungulie chumba hicho, yeyote atakayeingia humo amesalimika. Kuruhusu kwa jina la kengele ni kumwambia asishughulike na ndugu wote wa ukoo huo. Kuruhusu kwa heshi ni kumwonyesha sura moja. Antivairasi yetu inazo zote tatu. Hasara ya heshi ni kwamba VNC ikisasishwa sura inabadilika, narudi kuanza upya kwenye maduka manne. Nikaahirisha. Kesho, nikasema.

Alhamisi, 25 Septemba

Magu, saa tano asubuhi.

"Kaka fundi, samahani kukusumbua. Ile ya njano yako imerudi. Niruhusu?"

Nilikuwa nakunywa chai kwa mama lishe pale mwaloni. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, ruhusu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Magu iliruhusiwa tarehe 8, na tangu siku hiyo sijabadilisha kitu. Irudi kufanya nini?

"Dada, usibonyeze. Nisomee jina la faili na folda."

Faili liko kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa. VNC yangu haikai huko. Jina ni la programu nyingine kabisa ya kuingilia kompyuta za mbali, moja ya zile zinazojulikana. Nimeingia kupitia handaki, nikatazama sahihi yake: halali. Heshi nimeitafuta: ni programu ya kweli, haijachezewa, wanaitumia mafundi duniani kote. Kengele ni ya njano, not-a-virus, RemoteAdmin. Kila neno sawasawa na ya kwangu.

Nikamuuliza taratibu, maana ukimkaripia mtu hakwambii. Jumanne alipigiwa simu. Mtu mwenye Kiswahili kizuri, mpole, akasema anatoka huduma kwa wateja, upande wa mawakala wa pesa (dukani kuna uwakala pia). Kamisheni yake imekwama, wataiachia wakikagua kompyuta. Akamtumia kiungo, akapakua, akafungua. Akaambiwa asome namba zilizotokea. Kabla hajasoma umeme ukakatika.

Umeme uliokatika ndio uliomwokoa. Sikuwahi kufikiri nitaandika sentensi hiyo.

Leo yule mtu kapiga tena, kamwambia afungue ile programu. Alipofungua, antivairasi ikauliza. Na yeye, kwa uaminifu wote, akafungua kundi la WhatsApp akasoma nilichoandika: ikija ya njano yenye neno RemoteAdmin ni yangu, ruhusuni. Kilichomfanya anipigie kwanza, anasema, ni kwamba yule mtu alikuwa bado kwenye simu ya pili na alianza kumharakisha.

Nimeondoa programu, nimekagua vilivyoanzishwa tangu Jumanne, nimembadilishia pasiwedi zote na kumwambia abadilishe namba ya siri ya uwakala mbele yangu, mimi nikigeuza uso. Hakuna kilichopotea. Ule ujumbe wa WhatsApp nimejaribu kuufuta kwa wote, umeshapitwa na muda, haufutiki. Nimeandika mwingine chini yake. Sijui watu husoma upi.

Jioni nimeweka ruhusa za heshi kwenye maduka yote manne, na kufuta ruhusa nyingine zote. Ile kesho ya Jumanne ilikuwa na maana siku hiyo hiyo.

Jumanne, 30 Septemba

Hali ilivyo. Maduka manne yako hewani. VNC ina pasiwedi ya herufi 8 zisizo na jina la mtu wala mwaka, na inasikiliza handakini tu. Kabla sijaingia nampigia mwenye duka, naye anaona kidirisha cha kukubali au kukataa; nimeondoa ile tabia ya kuingia tu, hata Kirumba. Kila kaunta ina karatasi ndani ya plastiki: jina la programu yetu, folda inapokaa, herufi sita za mwisho za heshi, na namba yangu. Pia kijifaili cha kubonyeza kinachoikokotoa heshi na kuionyesha kwa maandishi makubwa, kwa certutil ambayo imo ndani ya Windows yenyewe, hivyo hakuna cha kupakua.

Bado: Magu na Sengerema zina Windows 10, na Microsoft wanasitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba. Ya Sengerema ina nguvu ya kupanda 11, ya Magu haina. Nimempa Mzee bei. Ameipokea kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Saa kumi, mtengenezaji wa VNC katoa toleo jipya, nimelipeleka Nansio kwanza. Njano ikaja, kama ilivyotarajiwa, maana heshi ni mpya. Mama kanipigia kabla sijampigia.

"Mwanangu, karatasi inasema mwisho ni nne, e, tisa, moja, se, saba. Huku mwisho ni be, sifuri, mbili, de, de, tano. Si yako hii."

"Ni yangu Mama, ni toleo jipya, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Basi lete karatasi mpya."

Nimeichapa. Inaondoka kesho asubuhi na meli, ndani ya mzigo wa nyavu.